HTML au XHTML? Jibu kwa fundi wa tovuti wa Nkuhungu

Swali: *Shikamoo kaka. Niko Nkuhungu hapa Dodoma, najifunza kutengeneza tovuti, na nimepata kazi yangu ya kwanza ya malipo: tovuti ya chama cha wakulima wa zabibu wa huko Hombolo. Hadidu za rejea walizonipa zinasema tovuti "iwe XHTML 1.0 Strict na ipite kihakiki cha W3C bila kosa", yaani ile programu ya kukagua kurasa ya W3C, shirika la viwango vya wavuti. Chuoni nasi tulifundishwa hivyohivyo: funga kila tagi, weka mkwaju kwenye `<br />`. Lakini mwenzangu ninayefanya naye kazi ananicheka, anasema XHTML ilishazikwa zamani, niandike HTML tu. Violezo vyangu vyote nimeviandika kwa XHTML. Nichague ipi? Na nikiacha XHTML, itanibidi nianze upya?*

Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Jibu fupi: andika HTML. Anza kila ukurasa na `<!DOCTYPE html>`, acha seva iutume kama `text/html`, kisha uhakiki. Hutaanza upya, violezo vyako vinataka marekebisho ya asubuhi moja, nitakuonyesha huko mbele. Ila jibu fupi halitakufaa siku mwenyekiti wa chama akikuuliza mbele ya kamati kwa nini hukufuata hadidu za rejea, kwa hiyo kaa kitako.

Nianze na jambo ambalo huenda likakukera. Naamini hujawahi kuandika XHTML, yaani HTML inayofuata sheria kali za XML (lugha ya jumla ya kuandika hati kwa tagi), hata siku moja. Yawezekana hata mwalimu wako pia. Mlichoandika ni HTML iliyovishwa kanzu ya XHTML, na kivinjari hakikudanganyika na kanzu hiyo hata dakika moja.

Watu wengi hudhani mstari wa kwanza wa faili, ule wa DOCTYPE, ndio unaoamua faili ni la lugha gani. Sivyo. Anayeamua ni seva. Kabla ya kuutuma ukurasa wenyewe, seva hutanguliza maelezo mafupi, na mojawapo ni mstari uitwao `Content-Type`. Mstari huo ukisema `text/html`, ukurasa unakabidhiwa kwa kichanganuzi cha HTML, ile sehemu ya kivinjari inayosoma msimbo na kuuelewa. Ukisema `application/xhtml+xml`, unakwenda kwa kichanganuzi cha XML, ambacho kina sheria zake na hakina huruma. Fikiria mzigo unaposhushwa pale stendi ya Nanenane: wakala husoma karatasi iliyobandikwa juu ya boksi, hafungui boksi kutazama ulichoandika ndani. Unaweza ukafunga tagi zote, ukaweka `xmlns`, ukataja XHTML 1.0 Strict kwenye mstari wa kwanza. Kama karatasi ya juu inasema `text/html`, umetuma HTML.

Usiniamini mimi, angalia mwenyewe. Fungua tovuti yako yoyote kwenye kivinjari cha kompyuta, bonyeza F12, nenda sehemu ya Network, pakia ukurasa tena, bofya mstari wa kwanza kwenye orodha na usome `Content-Type`. Nitashangaa sana nikisikia haisemi `text/html`, maana ndivyo seva za kawaida zinavyotuma faili lenye jina linaloishia na `.html`. Wapo wanaojaribu kuibadilisha kwa kuandika `application/xhtml+xml` kwenye tagi ya `<meta>`. Haisaidii. Kivinjari kikifika kwenye hiyo `<meta>`, kichanganuzi kilishachaguliwa zamani.

Na DOCTYPE je, haina kazi? Inayo, lakini kwenye `text/html` kazi yake imebaki moja: kukiambia kivinjari kipange ukurasa kwa kanuni za kawaida au kiigize tabia za vivinjari vya miaka ya 1990. Ukiisahau, utaona vituko, kwa mfano maandishi ndani ya jedwali kukataa kurithi ukubwa uliouweka kwenye `body`. `<!DOCTYPE html>` inatosha kuviepusha vyote. Ule mkia mrefu wenye anwani ya W3C hauongezi kitu.

Sasa ukitaka kuiona XHTML ya kweli, chukua kiolezo chako kimoja, kinakili mara mbili, kimoja ukiite `jaribio.html`, kingine `jaribio.xhtml`. Angalia kompyuta yako isikufiche viambishi vya majina, la sivyo utapata `jaribio.xhtml.html` na jaribio litakuwa bure. Faili likiwa kwenye diski hakuna seva ya kutangaza, kwa hiyo kivinjari hutazama jina. Lifungue la pili kwa Firefox. Kama umeandika `&nbsp;` popote chini ya `<!DOCTYPE html>`, au umeacha `<p>` moja bila kufunga, hutaona ukurasa. Utaona ujumbe wa kosa, namba ya mstari na namba ya safu, basi. Chrome hujitahidi kuonyesha kilichotangulia kabla ya kosa na kukubandikia kisanduku cha lawama juu yake. Kanuni ya XML ndiyo inayotaka hivyo: kosa la kwanza la umbo, kichanganuzi kisimame.

Kanuni hiyo naijua kwa kuungua. Mwaka 2006 nilikuwa na bidii ya kijana aliyesoma makala tatu na kujiona amefika. Nikatengeneza tovuti ya nyumba moja ya wageni hapa mjini na kuamua kuwa mkweli kuliko wote: nikaituma kama `application/xhtml+xml`. Kwenye kompyuta yangu yenye Firefox ilikuwa safi kabisa. Mwenye nyumba akaenda kuiangalia kwenye intaneti kafe, wiki moja kabla ya Bunge la bajeti, msimu ambao vyumba vya Dodoma hugombewa. Akanipigia: "Kijana, mbona tovuti yako inataka kushushwa kama wimbo?" Kule kafe walikuwa na Internet Explorer 6, na Internet Explorer haikuwa inaijua kabisa aina hiyo ya maudhui, ilichoweza ni kumwuliza mtu kama anataka kuhifadhi faili. Ilikuja kuijua kwenye toleo la 9, mwaka 2011.

Nikaweka kiraka: kivinjari kikisema kinaielewa XHTML, kipewe XHTML, kisiposema, kipewe `text/html`. Nikalala usingizi. Baada ya muda mwenye nyumba akaongeza mwenyewe kwenye orodha ya bei mstari mmoja, "Chai & chapati". Alama ile ya `&` katika XML ni mwanzo wa kitu kingine, haisimami peke yake. Kila mgeni mwenye Firefox akakutana na ukurasa wa njano wenye maandishi mekundu. Mwenye nyumba aliendelea kuangalia kutoka kafe kwa Internet Explorer, akaona mambo shwari, na hakuna aliyenipigia kwa siku nyingi. Mgeni aliyekosa bei za vyumba hapigi simu kumwambia fundi. Anatafuta gesti nyingine.

Kwa hiyo mwenzako akisema XHTML ilizikwa, hajakosea sana, ila hajakwambia ilikufa kwa ugonjwa gani. Mwaka 1998 W3C ilitoa XML 1.0, na wakati ule wengi waliamini kila hati duniani itaandikwa kwa XML. HTML 4.01 ilitoka Desemba 1999, na mwezi uliofuata, Januari 2000, ikaja XHTML 1.0: msamiati uleule, lakini kwa sheria za XML. Hoja mojawapo ilikuwa simu. Simu za enzi zile hazikuwa na nguvu ya kubeba kichanganuzi kinachovumilia uchafu wote wa HTML, hivyo zikatengenezewa XHTML yao nyembamba. Leo mkulima wa Hombolo mwenye simu janja ya bei ndogo ana kivinjari kamili mfukoni, na hoja hiyo imeisha.

Kilichoiua hasa ni kwamba waandishi waliandika kanzu na kutuma `text/html`, kama ulivyofanya wewe, kwa sababu kivinjari kilichotumika zaidi hakikukubali kingine. Wakati huohuo W3C ikawa inapika XHTML 2.0 isiyojali kurasa zilizokwisha kuandikwa. Mwaka 2004 watu wa Apple, Mozilla na Opera wakajitenga na kuanzisha kundi lao la viwango, WHATWG, wakaendelea na HTML. Mwaka 2006 Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti mwenyewe, alikiri hadharani kwamba jaribio la kuihamishia dunia yote kwenye XML kwa mkupuo halikufanikiwa. Mwaka 2009 W3C ikatangaza kulivunja kundi la XHTML 2, HTML5 ikapitishwa Oktoba 2014, na mwaka 2018 W3C yenyewe ikabandika juu ya XHTML 1.0 alama kwamba imepitwa. Tangu 2019 kuna kiwango kimoja tu cha HTML, kile cha WHATWG, na W3C imekubaliana nacho.

Hapo katikati kuna jambo ambalo watetezi wa XHTML huliruka. Zamani tuliogopa HTML chafu kwa haki, maana kila kivinjari kilikisia kivyake: umesahau kufunga tagi, Netscape inaelewa hivi, Explorer inaelewa vile. HTML5 iliandika hatua kwa hatua jinsi ya kuchanganua hata ukurasa mbovu, na vivinjari vikubwa vyote vikafuata. Firefox ilifanya hivyo kwenye toleo la 4, mwaka 2011. Kwa hiyo kosa lako leo litaonekana vilevile kila mahali. Bado ni kosa. Lakini si bahati nasibu tena.

Turudi kwenye mikwaju yako, maana hapa ndipo kanzu inapoweza kukukwaza ukitembea. Ulifundishwa kwamba mkwaju mwishoni unafunga tagi. Katika XML, ndiyo. Katika HTML mkwaju huo haufanyi chochote; kichanganuzi huuona na kuupita. Kwenye `<br />` hakuna madhara kwa kuwa `<br>` haina cha kufunga. Tagi za namna hiyo ziko 13 tu: `area`, `base`, `br`, `col`, `embed`, `hr`, `img`, `input`, `link`, `meta`, `source`, `track` na `wbr`. Nje ya hizo, mkwaju ni mtego. Ukiandika `<div class="nafasi" />` ukidhani umeweka kisanduku kitupu, umefungua kisanduku na hukukifunga, na kila kinachofuata kimeingia ndani yake. Mbaya kuliko zote ni hii:

`<script src="menyu.js" />`

Katika XHTML ya kweli ni halali kabisa. Katika HTML, kivinjari kinaamini bado kiko ndani ya skripti, kinameza ukurasa wote uliobaki kama msimbo, na wewe unaona weupe mtupu. Nimeitwa zaidi ya mara moja kutibu "tovuti iliyokufa" na dawa ikawa kuandika `<script src="menyu.js"></script>`.

Mkwaju una mtego mwingine ukikutana na uvivu wa kuacha nukuu. `<img src=zabibu.jpg/>` inaonekana haina neno, lakini bila nukuu mkwaju unakuwa sehemu ya jina, na kivinjari kinakwenda kuomba faili liitwalo `zabibu.jpg/` ambalo halipo. Ndiyo maana kihakiki cha siku hizi kikiona mkwaju kwenye `<br />` kinakuandikia taarifa ndogo kwamba hauna kazi na unagombana na atributi zisizo na nukuu. Ile ni taarifa, si kosa. Usikeshe nayo.

Nukuu zenyewe nizisemee kidogo, kwa sababu sisi tuna tatizo ambalo vitabu vya Waingereza havina. Kiswahili kina *ng'*. HTML inakuruhusu kuzungushia atributi nukuu moja au nukuu mbili, na vijana wengi wanaotoka kwenye JavaScript hupenda ile moja. Sasa andika:

`<img src='mnada.jpg' alt='Ng'ombe wa mnadani'>`

Kivinjari kinasoma `alt` kuwa "Ng", kisha kinaona atributi za ajabu ziitwazo `ombe` na `wa`. Picha inatokea, hivyo huoni kosa. Lakini mtu asiyeona, anayesomewa ukurasa na simu yake, anasikia "Ng" na kimya. Ingekuwa XHTML ya kweli ukurasa wote ungegoma. Kwa mtu anayeandika Kiswahili, nukuu mbili kwenye atributi ni lazima, si suala la ladha. Chang'ombe ni kata ya hapahapa mjini. Ukiweka ramani ya wateja wa chama utakutana nayo.

Kuna tofauti nyingine nyingi kati ya vichanganuzi viwili hivi, nazipitia haraka. HTML hujiongezea `tbody` kwenye jedwali hata kama hukuiandika, XML haiongezi, na CSS inayoitegemea itakushangaza. JavaScript ikikuuliza jina la tagi, HTML hujibu `DIV`, XHTML hujibu `div`. `document.write` haifanyi kazi katika XHTML. Na ukiandika `<p>Aina za zabibu: <ul>…</ul></p>`, HTML itaifunga aya mara tu inapoiona `<ul>`, halafu ile `</p>` ya mwisho inabaki yatima na kuzaa aya tupu. Hili la mwisho litakupata mapema kuliko yote, na kihakiki kitalipigia kelele. Sikiliza kelele hiyo.

Sasa hadidu za rejea. Nadhani nazijua zilikotoka: mtu alichukua hati ya zamani ya taasisi nyingine, akabadilisha jina la mteja, akaacha yaliyobaki. Hakuna mkulima wa zabibu aliyeamka asubuhi akataka Strict. Walichotaka ni kazi inayoweza kupimwa na mtu wa tatu, na hilo ni jambo jema, usiwadharau. Kazi yako ni kuwaonyesha kwamba sharti lenyewe linawaumiza, na uwaonyeshe kwa vitu vya chama chao wala si kwa historia niliyokumwagia hapo juu.

Kwa mfano, watataka fomu ambayo mnunuzi ataacha namba yake ya simu. Katika HTML ya leo unaandika `<input type="tel">` na simu ya mnunuzi inamfungulia kibodi ya namba. XHTML 1.0 Strict haiijui `tel`, wala `email`, wala `date`, wala `number`. Kihakiki kikipima kwa Strict kitaandika kosa. Picha za mashamba zitakuwa nyingi, nawe utataka kuweka `loading="lazy"` ili picha za chini zisile bando la mtu ambaye hajazifikia. Kosa. Unataka `srcset` ili simu ndogo ipewe picha ndogo. Kosa. Video fupi ya namna ya kupogoa mizabibu kwa `<video>`, menyu ndani ya `<nav>`, mwili wa ukurasa ndani ya `<main>`, `role` kwa ajili ya visoma-skrini: kosa, kosa, kosa. Sharti la XHTML 1.0 Strict ni sharti la kujifungia kwenye orodha ya vitu vya mwaka 2000. Likitimizwa barua kwa barua, mnunuzi wa zabibu ndiye atakayelipa kwa bando lake.

Waandikie barua fupi kabla hujaanza kazi, si siku ya makabidhiano, na uwapendekezee maneno ya kuweka badala yake. Mimi ningeandika hivi: "Tovuti iandikwe kwa HTML kwa kufuata kiwango hai cha WHATWG, kwa usimbaji wa UTF-8, lugha ya ukurasa itajwe, na kila ukurasa upite kwenye kihakiki cha HTML cha W3C bila kosa siku ya makabidhiano." Hapo wamebaki na kipimo chao, kinachopimika, na mtu wa tatu ni yuleyule W3C waliyemtaka. Kama kamati itakataa katakata, basi fanya wanachotaka, mradi iwe kwa maandishi. Ukurasa wa bei usio na video utaishi. Lakini sijawahi kuona kamati ikikataa baada ya kuonyeshwa ile kibodi ya namba kwenye simu ya katibu.

Usinielewe kwamba XHTML haina kazi popote. Kiwango cha HTML chenyewe kinatambua maandishi ya aina mbili kwa msamiati mmoja: ya HTML, ambayo kinayapendekeza kwa waandishi walio wengi, na ya XML. Chama kikitaka kesho kijitabu cha kielektroniki cha kilimo cha zabibu katika umbo la EPUB, kurasa za ndani ya EPUB 3 *lazima* ziwe XHTML ya kweli, zikiwa na `xmlns` na kila kitu kimefungwa. Hapo mafunzo yako ya chuo yatakulipa. Vivyo hivyo kama kuna programu ya XML inayosubiri kuyala maandishi yako kabla hayajafika kwa msomaji. Swali la kujiuliza ni moja: nani atalisoma faili hili? Akiwa ni kivinjari kupitia seva ya kawaida, HTML. Ikiwa ni mashine ya XML, XHTML, na uitume kwa jina lake.

Violezo vyako sasa. Futa ule mstari wa `<?xml version="1.0"?>` kama upo, na ubadilishe DOCTYPE. `xmlns` kwenye `<html>` ukiiacha haidhuru, ukiifuta haidhuru. `xml:lang` ifanye `lang="sw"`, maana visoma-skrini na vitafsiri vya vivinjari hutazama hapo; nimeona tovuti za Kiswahili zinazodai kuwa `en` kwa sababu kiolezo kilitoka ng'ambo, na simu inazisoma kwa lafudhi ya kuchekesha. Weka `<meta charset="utf-8">` mwanzoni kabisa mwa `<head>`, isizidi baiti 1024 za kwanza. Ondoa vifungashio vya CDATA (`<![CDATA[` na `]]>`) kwenye skripti na mitindo. Kama ulitumia `<tt>`, `<big>` au `<acronym>`, Strict ilizikubali lakini HTML ya leo imezistaafisha. `Cellpadding` na `cellspacing` nazo zihamie kwenye CSS. Kisha ambia kihariri chako kitafute `/>` popote ilipo, na kila inapotokea uliza kama tagi hiyo ni mojawapo ya zile 13. Kama siyo, ifunge kwa tagi kamili. Hiyo ndiyo asubuhi yenyewe, na chai ya saa nne itakukuta umemaliza.

Je, uing'oe mikwaju ya kwenye `<br />`? Mimi mpya siipandi, na ya zamani siikati. Mkwaju ulioota uani kwa miaka ishirini una kivuli chake. Ila chagua mtindo mmoja kwa mradi mzima, ili atakayeshika kazi baada yako asidhani kuna maana iliyofichwa. Mengine ya nidhamu ya XHTML yabebe yote: herufi ndogo, nukuu mbili, kufunga `<p>` na `<li>` hata pale ambapo HTML inakusamehe. Hayo si sheria ya kihakiki. Ni kwa ajili ya macho yako mwenyewe saa sita usiku unapotafuta kisanduku kilichokosa mlango.

La mwisho, ambalo ile chai na chapati ilinifundisha. Usihakiki violezo vitupu vyenye maneno ya mfano ukaridhika. Muombe katibu orodha halisi ya bidhaa na majina ya wanachama, yaingize yote kama alivyoyaandika, pamoja na ng', pamoja na `&`, pamoja na alama ya `<` ambayo mtu aliiweka akimaanisha "chini ya kilo 5", kisha ndipo upeleke kurasa kwenye kihakiki, moja baada ya nyingine. Anza na ukurasa wa bei.